Mpini wa Vidole Vitatu

Alikuja na mvua, Antioco, kofia mkononi,
akasimama mlangoni mwa karakana yangu
iliyo chini ya nyumba, kati ya baiskeli na mapipa ya divai.
"Bachisio, nataka kisu cha kukunja."
Kana kwamba Pattada nzima haina mhunzi mwingine.

Nikamwomba mkono. Wa kulia.
Akautoa polepole, kama atoaye kitambulisho kwa askari.
Gumba. Cha shahada. Cha mwisho.
Katikati, pengo.

Juu, Bonaria alikuwa akikanda unga.
Nikapanda, nikamega donge, nikashuka nalo: "Bana."
Akabana. Donge likashika umbo lake,
matuta matatu na bonde moja
ambalo nalijua mimi kuliko daktari aliyelishona.

Kisu cha dukani hutengenezewa mkono wa mtu asiyekuwepo,
mwenye vidole vitano na bahati.
Hiki kilitaka mpini mnene pale penye upungufu,
uliopinda kidogo, kama mtu anayeinama kusikiliza.

Siku nne nilitafuta pembe.
Ndani ya kasha la marehemu baba nikakuta ya kondoo dume,
ina nyufa kama kisigino cha kiangazi.
Nikaichemsha, nikaibana kwenye jiliwa, nikaikata;
harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ngazi
na Bonaria akafungua madirisha yote, na kinywa.

Chuma kilitoka kwenye springi ya lori bovu.
Nilikifua usiku, taa imezimwa,
maana rangi ya moto haisemi kweli mbele ya balbu.
Kilipofikia wekundu wa komamanga
nikakitosa kwenye mafuta ya zeituni. Chwaaa!
Halafu, baada ya kimya, *ti*.
Ufa mwembamba kama unywele.
Bapa la kwanza likaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu.
Mwenye haraka hatii matiko.

La pili lilitoka zima.
Nililipasha tena kwenye oveni ya mkate
hadi likawa na rangi ya asali changa,
kisha nikaanza kusugua. Tupa, msasa, kinoo.
Tupa, msasa, kinoo.
Mikono ikishughulika, kumbukumbu hukosa mlinzi.

Zizi la mjomba wake. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.
Mimi miaka kumi na mmoja, yeye tisa.
Yeye anailisha, mimi nazungusha gurudumu.
Akasema, "Ngoja."
Nilisikia.
Waliniuliza wote, mama, padri, askari, nikasema sikusikia.
Nilisikia, nikaongeza mzunguko mmoja,
kwa mzaha.

Miaka hamsini na miwili.
Tumezika wazazi, tumebeba majeneza bega kwa bega,
tumebishana juu ya bei ya maziwa.
Hilo, hatujalitaja.

Alirudi Jumamosi. Nikampa bila neno.
Gumba likatafuta pa kusukuma, likapaona.
*Tak.*
Akakunja. Akafungua tena. *Tak.*
Kidole cha mwisho kikakaa kwenye tuta lake
kama paka aliyerudi kitini mwake.

Nilikataa malipo.
Akatoa sarafu moja, akaiweka juu ya fuawe:
"Kisu cha bure hukata udugu. Wajua."
Najua. Sarafu ilikuwa bado na joto la mfuko wake.

"Antioco," nikaanza, "siku ile, pale zizini, uliposema—"

"Ngoja," akasema,
akavuta mkate wa Bonaria uliokuwa juu ya benchi,
akaukata, jicho likifuata makali,
kipande chembamba hata taa ikapenya,
kisha kingine cha pili, kinene,
na vumbi la chuma likamkaa kwenye kiwiko.

Nikangoja.