Chokaa

Dalali alilipangusa kwa kitambaa cha njano,
akapiga teke tairi, akaapa kwa jina la mama yake:
"Dada, hili lilikuwa la daktari. Jumapili kanisani, basi."
Nikamhesabia pesa za mavuno mawili ya zabibu,
na za kikoba,
na ile elfu sitini ya bati la jiko
ambayo sikumwambia mtu.

Ihumwa tulipita tukiimba.
Buigiri mshale ukaanza kuinuka
taratibu, kama mkono wa mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.
Chalinze, moshi.
Si moshi, mama, ni mvuke, akasema Nyemo,
yupo darasa la sita, anajua tofauti.

Tukakaa pembeni ya lami.
Malori yakapita, upepo wake ukalitikisa gari
kama mtu anayemwamsha mlevi.
Mwenye baiskeli ya mkaa akasimama, akatazama, akatoa hukumu:
"Linachemsha."
Nikamwambia naliona.
"Usifungue mfuniko sasa," akasema, akaenda zake,
na shavu lake la kushoto, nikaona, lina kovu la maji moto.

Fundi Chidawali wa Kibaigwa
karakana yake ni kontena moja na kivuli cha hilo kontena.
Kwanza alinusa.
Akachomoa kijiti cha oili, akapaka tone kwenye ukucha,
akalitazama juani.
"Haijageuka chai ya maziwa. Shukuru Mungu, gasketi inapumua."
Akaliwasha. Feni ikazunguka.
Mkanda ukabonyea chini ya kidole inavyotakiwa, si zaidi.
Pampu kavu, mipira mizima.
Akafungua nyumba ya thamostati:
tupu.
"Waliitoa. Ndiyo tiba yetu mafundi,
kiungo kikisumbua, tunakitupa."
Alisema "yetu". Nikaanza kumwamini.

"Mwalimu, weka mkono hapa."
Juu ya rejeta paliunguza.
"Sasa hapa."
Chini palikuwa pamepoa kama ubavu wa mtungi.
"Maji hayapiti," nikasema.
"Umefaulu," akasema, akachukua bisibisi.

Ndani kulikuwa na weupe.
Vijia vyote vimeziba, gamba juu ya gamba,
na mimi, nisiyejua pistoni ni nini,
nililijua gamba hilo.
Lipo kwenye birika langu.
Kila Jumamosi naligonga kwa mgongo wa kisu
linabanduka kama ganda la yai,
na chai ya Jumapili bado ina ladha ya kisima chetu.

Daktari gani analinywesha gari maji ya chumvi?

Basi lilikuwa la mtu wa huku.
Alisimama pembeni ya lami, saa saba mchana, na dumu,
akamimina alichokuwa nacho,
akaomba, akafika.
Kesho akamimina tena.
Nilikuwa nimemwandalia tusi tangu Chalinze,
lenye ukoo mzima ndani yake.
Likanikwama kooni.
Ningemimina hayo hayo.

(Dalali simsamehi. Yeye alijua.)

Laki na themanini rejeta, nayo ni mtumba.
Thamostati elfu ishirini na tano.
Dumu la kulanti, kijani kama majani ya mzabibu baada ya kupogoa.
"Maji ya kisima usiliwekee tena," akasema Chidawali,
"hata likikulilia."

Siku hizi mshale unalala chini kidogo ya nusu.
Nyemo amejipa kazi ya kuutangaza:
Mbande, nusu. Chalinze, nusu.
Buigiri ananyamaza kidogo, makusudi,
mpaka nigeuke.

Bati la jiko bado.
Desemba ikinyesha nitatega ndoo pale pale panapovuja;
maji ya juu, fundi anasema, hayana chumvi.
Nitayapima kwa birika kwanza.