Prabeli

Mvua ya Nyendo haipigi hodi.
Ilishuka saa nane, na Sista Odile akaingia nayo,
mkononi kitu cheusi, mbavu tatu zimevunjika,
kama kunguru aliyegongwa na lori la matoke.

"Prabbeli," akasema, akakilaza mezani
kati ya koleo na makopo ya misumari.
Lutaakome akapandisha miwani.
"Hicho ni Kifaransa, Sista?"
"Kilikuwa."

Akaeleza huku akikamua ushungi:
Wafaransa walisema *parapluie*,
kinga mbele, mvua nyuma, kila kipande na kazi yake.
Neno likavuka kwenda kwao Luksemburg,
nchi ambayo ukikimbiza kuku utamkamatia ugenini,
na huko likatafunwa na wauza viazi
hadi kinga na mvua vikashikana, havitambulikani.
Mtoto wa kwao akilitamka
hasikii ndani yake hata tone.

Lutaakome akacheka, koleo likamponyoka.
"Na sisi twasema *manvuuli*. Miaka arobaini nashona,
sijawahi kulichungulia ndani."
Akanigeukia mimi, mwanagenzi wake,
mwana wa Kyaka niliyevuka Mutukula
na begi moja, na lugha isiyolipiwa ushuru.

Nikasema: kwetu ni mwamvuli.
Sikilizeni, mna kivuli humo.
Aliyeliunda alikuwa akilikimbia jua.
Likapanda bara mabegani mwa wapagazi,
likafika Buganda limechoka,
kivuli kimebaki njiani, sijui mto gani.

Tukanyamaza. Bati likasema peke yake.
Neno la jua, hapa Masaka, linazuia mvua;
na kiangazi kwao, akasema Sista,
bibi yake alikaa chini ya neno la mvua
akimenya maharage, jua kali,
wala hakuona kioja.

Ubavu wa mwisho ukafungwa kwa waya wa baiskeli.
Elfu tano. Alilipa, akafungua, akatoka;
tundu moja karibu na kilele hatukuliona,
likampitishia tone hadi shingoni,
nasi tukajifanya tunatafuta misumari.

Jioni, mvua haijaacha, Lutaakome anafunga duka.
Akanyosha mkono bila kugeuka:
"Nipe hiyo prabeli."
Nikampa.
Tayari ilikuwa imedondosha *b* moja.