Mguu wa Koplo Mlugu

Jumamosi tatu mfululizo nilipiga udongo.
Udongo mwekundu wa Chigongwe hauna kinyongo,
unameza risasi kama unavyomeza mvua ya Desemba
na kesho yake hujui palikuwa na kitu.
Nikisimama, kazi yangu naijua:
matundu matano, unayafunika kwa kizibo cha soda.
Lakini niambie, "Nyemo, tembea,"
hapo bastola inakuwa ya mtu mwingine.

Uwanja wenyewe ni korongo.
Mapipa mawili, milango ya mabanzi isiyo na nyumba,
mistari ya chokaa ambayo upepo huisogeza kila saa,
karatasi za kaki zenye mabega ya watu
na moja nyeupe, katikati yao,
ambaye hana kosa.

Mlugu sikumtegemea.
Mguu wake wa kushoto ulivunjikia Mpwapwa,
ukaungwa vibaya, ukabaki mfupi.
Akitembea, bega linazama, linaibuka,
kama mtu anayetwanga uwele peke yake.
Nilidhani atakaa kwenye kiti anisahihishe.
Akaingia mstarini.
Saa ikalia, piii,
na mzee yule akatiririka.

Sina neno lingine.
Kiuno kilishuka, magoti yakalegea,
mguu mfupi ukachechemea ulivyozoea
na juu ya kiuno hapakuwa na habari.
Sahani sita za chuma, ngi, ngi, ngi,
ya sita inaanguka yeye bado anakwenda.

"Wewe unataka utembee bila kutikisika," akasema,
akiokota maganda moja moja, maana shaba inauzwa.
"Mimi natikisika tangu mwaka wa tisini na mbili.
Ncha inacheza. Iache icheze.
Angalia tu inachezea wapi.
Ikichezea kifuani, bonyeza.
Ukiisubiri itulie, haitulii,
na saa inakula."

Nikamjibu haraka haraka haina baraka.
"Saa haijui methali.
Miguu iharakishe. Kidole ndicho kisikie methali yako."

Basi nikawa kichekesho cha Chang'ombe.
Bakuli la uji, pomoni, mikono mbele,
kutoka jikoni hadi getini na kurudi,
kisigino kwanza, kisha kidole, magoti yamekunjika.
Mataji, dada yangu, akauliza nimepatwa na nini.
Mama hakuuliza. Alinitazama uji ukinimwagikia kifundoni,
akasema, "Ulikuwa unabeba ndoo kutoka kisima cha mchangani,
huishiki, unagombana na wenzako njia nzima.
Hukuwahi kuifikiria ile ndoo."

Nikajaribu kutoifikiria. Ni kazi ngumu kuliko kuifikiria.

Siku ya mashindano wakaja wa Arusha
na mikanda inayong'aa kama mijusi.
Kituo cha nne: hatua kumi na moja kwenda kulia,
vumbi limesimama, linazunguka, linakuja.
Sikulisubiri.
Sikumbuki miguu. Nakumbuka ncha tu,
kijiti cheusi kikielea kifuani kwa mtu wa kaki,
mbili, mbili, mbili,
na kwa mara ya kwanza mwili wangu ulikuwa mmoja,
kitu kimoja kinachokwenda na kuona.

Mwamuzi akapita na kalamu.
"Safi. Safi. Safi."
Akasimama.
"Nyeupe, moja."

Pembeni ya sikio. Tundu dogo, ukingo wake msafi.
Wakanipa kibandiko nizibe mwenyewe, ndiyo sheria.
Nikawa wa kumi na nne kati ya kumi na tisa.
Mlugu aliuliza jambo moja: "Ulisimama?"
"Sikusimama."
"Haya," akasema, akaniachia chupa ya maji ya moto.

Usiku ule nilikuwa lindoni, mlango wa benki.
Saa nane na ushei mwanamke akavuka barabara,
shuka jeupe begani, ana haraka zake,
sandali zinapiga lami.
Hakuniona. Nikamfuata kwa macho hadi kona,
hatua kwa hatua, bila kuhesabu,
kisha nikautazama mkono wangu kiunoni.
Kidole kilikuwa nje, kimenyooka,
baridi ya Julai imekikaza.