Niliyeshika Sifuri

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kushika sifuri.
Mpimaji Wasonga alitangulia na utepe,
mimi nimechuchumaa kwenye ubavu wa tangi,
kidole gumba juu ya alama nyeusi,
nisisogee.

Tangi lenyewe jeupe, limejilaza
kama kiboko aliyeshiba nchi kavu.
Ukutani, kwa rangi nyekundu: HATARI. MOTO MARUFUKU.
Na kwenye waya wa ua ule ule
mtu kaanika soksi za mtoto.

"Thelathini na nne na nusu!"
Sauti ya Wasonga, kutoka mlangoni kwa Nyar Alego,
jiko mbele yake, makaa yamekolea,
omena wanalia mafutani.

Fomu ilitaka namba kubwa kuliko hiyo,
kubwa mara tatu.
Meneja alicheka kwa upole,
akatuletea soda baridi mbili, akasema:
Wakubwa, nani anayepita ndani ya ukuta?
Pimeni njia wanayopita watu.

Basi tukapima njia.
Tukatokea langoni, tukapinda kwa fundi baiskeli,
tukaruka mtaro,
tukazunguka kanisa la mabati, choo cha kulipia,
kinyozi, bomba la maji,
watoto wakiurukia utepe kama kamba,
hadi jiko lile lile, omena wale wale.
Mia moja na kumi na mbili.
Wasonga akaandika kwa wino wa buluu.
Chini yake nikatia sahihi: Odera, msaidizi.

Soda yangu niliimaliza. Nalisema ili liwe limesemwa.

Usiku hesabu ilinikalia kifuani.
Maana hili nalijua, nilifundishwa:
gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa.
Ikivuja hairuki,
hushuka, hutambaa kwa tumbo,
hutafuta bondeni kama maji,
na Obunga hii yetu imeinamia ziwa.
Haitatokea langoni.
Haitapinda kwa fundi baiskeli,
wala kuzunguka kanisa kwa adabu.
Itashika mtaro,
ipite chini ya mlango wa Nyar Alego
bila hodi,
iyakute makaa.

Wapo wasemao ni yeye aliyelisogelea tangi.
Nilikwenda kumuuliza.
Alifuta mikono kwa leso, akahesabu kwa watoto:
alijenga Awuor akiwa tumboni,
na Awuor sasa yuko darasa la sita.
Pale palikuwa na mahindi na mbuzi wa jirani.
Tangi lilikuja kwa lori, usiku, Rapemo akinyonya.
"Mimi sijahama," akasema.
"Umbali ndio uliohama."

Nilikuwa na chaki mfukoni.
Nikaandika mlangoni pake namba ya kwanza,
ile ya mstari ulionyooka: 34.5.
Nikamweleza. Mtaro, mteremko, makaa.
Hakusema neno. Alilinyanyua jiko kwa vitambaa viwili,
akarudi nalo nyuma ya nyumba,
hatua moja, mbili, tatu,
mgongo ukagota ukuta wa jirani.

Akabaki hapo, jiko mikononi,
moshi ukimwingia machoni.

Mteja wa kwanza akafika na bakuli,
akasoma mlango, akaguna:
"Kumbe omena wamepanda bei?"