Doa Ukingoni mwa Kiini

Tartu, Februari. Saa tatu asubuhi, na taa za barabarani
bado zinabishana na giza.
Raivo ameliacha basi lake kituoni, amekuja
na theluji kwenye kola, kupanua kinywa.
Namsugua shavu kwa kijiti cha pamba.
"Mswaki wa bure," anasema, anafuta mate.

Chini ya hadubini naitafuta ile nukta:
doa jeusi lililojikunyata ukingoni mwa kiini
kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu.
Ni X ya pili. Imekunjwa, imefungwa, imenyamazishwa.
Alizaliwa na X mbili na Y juu yake,
na mwili, bila kumngoja daktari, ukailaza mojawapo.

"Iliyolala ni ya mama au ya baba?"
Fomu yetu haina mstari wa swali hilo.
Namwambia: unayo moja ya kila mzazi, na hapakuwa na mkutano.
Ulipokuwa mdogo kuliko punje ya ulezi
kila seli ilirusha sarafu yake peke yake,
na wana wa seli ile, na vitukuu,
wameishika kauli ile hadi leo.
Katika hii, ya mama iko macho; jirani yake, ya baba.

"Basi mimi ni paka wa shangazi Tiiu," anasema,
"dume la rangi tatu. Watu humpiga picha."
Mfano huo niliuficha, nikiogopa kumvunjia heshima.

Chumba cha pili yuko Hele, miaka kumi na mmoja,
soksi zisizofanana, kwa makusudi.
X moja tu. Nahesabu seli mia mbili: kingo nyeupe.
Hakuna wa kulazwa. Yule wa pekee
yuko zamu usiku na mchana, hana wa kumpokea.

Na kimya chenyewe si kimya.
Katika X iliyolazwa kuna jeni zinazokataa shuka,
zinanong'ona gizani; na nadhani
(profesa Urve hulikata neno hilo kwa kalamu nyekundu)
kimo cha watu hawa wawili kimo humo:
kwa mmoja mnong'ono umezidi, kwa mwingine umepungua.

Koridoni, koti la Hele liko kwenye ndoano ya juu.
Raivo analishusha bila hata kunyoosha mkono.
"Wewe wamekukuta na nini?"
"Kidoa."
"Mimi hamna."
Anafunga zipu mpaka kidevuni, anafikiri.
"Nigawie."