Tembe Linalovuja

Hombolo, mwezi wa pili. Maabara ina darubini moja
na feni inayozunguka umeme ukitaka.
Kwenye kichupa, choo cha mama yangu, Sechelela Mbeleje.
Jina nimeliandika kwa mkono wangu
kama la mtu nisiyemjua.

Kosa ni langu. Nilipopata kazi nilimwambia:
mama, acha uwele, acha kutwanga, sasa tuna hela.
Kila mwezi kiroba, sembe nyeupe kama karatasi ya mtihani.
Tumbo lilipomuuma nikampa vidonge vya rangi mbili,
tena na tena, bila kupima.
Mimi, mpimaji.

Sasa nasimulia ninachokijua, nimechelewa:
pumba tulizowamwagia kuku zilikuwa na wenyewe.
Hupita tumboni hazijasagika, hufika utumbo mpana,
gizani, pasipo hewa,
na huko wapo wapishi wasiohesabika, huzichachusha.
Hutoa asidi tatu fupi:
moja ni siki,
moja inanuka samli iliyovunda,
na ya tatu sijawahi kuipa jina la nyumbani.

Hazina kelele. Salmonela akija na vurugu zake
asidi humpenya ukutani ikiwa nzima, bila chaji,
kama mvua ipenyavyo udongo wa dari.
Ikishakuwa ndani ndipo huvunjika, ikamwaga uchachu.
Umeshawahi kulala kwenye tembe linalovuja?
Usiku kucha unakinga, unachota, unamwaga nje,
sufuria, kibuyu, hata kofia ya baba;
kunakucha hujalala, hujalima, hujapata mtoto.
Ndivyo anavyokaa, mgeni yule.
Si lazima afe. Anachoka. Nguvu ya kuzaana inaishia mlangoni.

Na mimi niliwaua wapishi, nikamzibia dari.

Jioni nikarudi na kilo mbili za unga wa uwele.
Dada yangu Nyemo akasonga, na mlenda
ukavutika kutoka chunguni hadi bakulini bila kukatika.
Nikaanza kumweleza mama: asidi, chaji, ukuta wa seli.
Akainua mkono wenye tonge.
"Kwa hiyo umesoma miaka mitatu mjini
ili uje uniambie nile?"

Akala kidogo. Akainuka haraka kwenda chooni.
Si leo, nikajiambia. Wapishi hawarudi kwa siku moja.

Nje, kuku walikuwa wamejipanga wakingoja pumba.
Nikawafukuza.