Theluthi ya Malaika

Pipa namba mia nne na saba
limelala kiubavu tangu Fachtna alipolijaza,
saba yake ya chaki imeinama kushoto
kama mtu anayepanda kilima dhidi ya upepo wa Skibbereen.

Gobnait anagonga kizibo kwa nyundo ya mbao,
mara mbili upande huu, mara moja ule.
Kinaruka.
Anatumbukiza mrija wa shaba, jina lake mwizi,
anaziba tundu la juu kwa kidole gumba,
na mwizi anatoka na mzigo wake: miaka ishirini na tisa.

"Theluthi haipo," anasema dada mtu.
"Malaika wa huku ni walevi, na hawalipi ushuru."

Usinywe bado.
Glasi hupashwa kwanza kiganjani, kama yai
lililookotwa kwenye nyasi zenye umande.
Tazama machozi yake yanavyoteremka kwa kujivuta,
hayana miadi na mtu.
Leta pua, ila acha mdomo wazi kidogo,
la sivyo ukali utakufungia mlango usoni.

Sasa.

Asali. Ganda la chungwa. Zabibu za keki ya Krismasi.
Mwaloni uliolewa divai huko Hispania
ukavuka bahari na kiburi chake.
Na chini ya hayo yote shayiri yenyewe, mbichi bado,
sauti ya mtoto ndani ya kikohozi cha mzee.

Tone la maji. Moja! Gobnait ananikazia macho.
Wiski inafumbua ngumi.

Wanasema subira huvuta heri.
Hapa imevuta rangi ubaoni,
na gharama za paa, mara tatu.

Fachtna anaingia na tope la buti zake.
Hajaonja tangu daktari, tangu mke, tangu ile ajali ya trekta;
miaka kumi na sita.
Anapokea glasi yangu, anaingiza pua, anafumba macho,
anakaa humo kuliko sisi sote.

"Asali, asali," anasema. "Hamsikii kamba iliyolowa?
Mvua ilikuwa inavuja siku ile, palepale uliposimama."

Tunarudisha pua.
Ipo.

Ananirudishia glasi, haijapungua hata tone,
anatoa chaki mfukoni
na kuikolezea saba yake mkia.